Mara ya pili au kutoka juu? Jibu kwa mama aliyeuliza kuhusu Yohana 3

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Mimi ni mzee wa kanisa, naongoza ibada ya jumuiya kila Jumatano. Wiki iliyopita tulikuwa Yohana 3, kijana mmoja akasimama na simu yake akasema kwenye Kigiriki hakuna 'kuzaliwa mara ya pili', kuna 'kuzaliwa kutoka juu', kwa hiyo Biblia yetu imekosewa. Kuna bibi pale, mlokole wa siku nyingi, akaanza kutokwa machozi, akasema kwa hiyo miaka yote hii nimeshuhudia uongo? Nilishindwa kujibu. Nani yuko sahihi, tuamini Biblia ipi, na je, nianze kujifunza Kigiriki?"

Bwana Yesu asifiwe mama. Naanza na huyo bibi kwa sababu hayo machozi yake ndo yameniuma kuliko swali lenyewe. Mwambie ushuhuda wake uko salama, na sisemi hivyo kumbembeleza. Fungueni 1 Petro 1:23, "Kwa kuwa mmezaliwa mara ya pili, si kwa mbegu iharibikayo". Pale Petro katumia kitenzi kingine kabisa, anagennao, na hiyo ana ya mwanzo inabeba maana ya tena, upya. Kitenzi hicho kwenye Agano Jipya kipo kwa Petro tu, mara mbili, sura hiyohiyo ya kwanza mstari wa 3 na wa 23, na hakina utata wa aina ile tunayobishania kwenye Yohana. Kwa hiyo hata tungefuta "mara ya pili" yote kwenye Yohana 3, bibi bado amezaliwa mara ya pili na andiko lake lipo. Tafadhali mpelekee hilo kabla ya Jumatano, usisubiri kikao.

Sasa kijana. Kijana ameona kitu cha kweli ila amekiona nusu, na mi ningependa usimkatishe tamaa maana vijana wanaofungua Biblia mpaka kwenye mzizi wa neno ni wachache. Neno lililopo Yohana 3:3 na 3:7 ni anothen. Kwenye zile apu za Biblia zenye namba za Strong, yaani namba iliyopewa kila neno la Kigiriki ili ulitafute maana yake, ni namba 509, nadhani ndo alichokibonyeza. Limetokea mara 13 kwenye Agano Jipya zima, na Yohana mwenyewe kwenye Injili yake kalitumia mara tano, yaani hizo mbili za mazungumzo ya Yesu na Nikodemo, halafu 3:31 "Yeye ajaye kutoka juu", halafu 19:11 pale Yesu anamwambia Pilato asingekuwa na mamlaka kama asingepewa kutoka juu, halafu 19:23 ile kanzu isiyoshonwa, "imefumwa yote pia tangu juu". Umeona? Hizo tatu nyingine hazina ubishi, ni juu kwa maana ya juu. Hata pazia la hekalu kwenye Marko 15:38 lilipasuka toka juu hata chini kwa neno hilohilo. Kwa hiyo ukimsoma Yohana kwa Yohana, kijana ana hoja nzito.

Lakini neno hilohilo kuna mahali linageuka. Luka 1:3, Luka anasema amejitafutia usahihi wa mambo yote "kutoka mwanzo", hapo ni anothen. Wagalatia 4:9 Paulo anawauliza kwa nini wanataka kuwa watumwa tena, na hapo anothen imekaa pamoja na neno lingine la tena, na huwezi kuweka "kutoka juu" pale ukaeleweka. Inakuwaje neno la juu linageuka kuwa mwanzo, halafu linageuka kuwa tena? Wala sio ajabu mama, sisi wenyewe tunafanya hivyohivyo. Mwalimu darasani mtoto akisoma vibaya anamwambia "hebu soma tena kutoka juu", hamaanishi apande kwenye meza, anamaanisha arudi mwanzo wa ukurasa aanze upya. Juu, mwanzo, tena, vyote vitatu vimo kwenye sentensi moja ya darasa la pili. Mgiriki alikuwa na hivyo vitatu kwenye neno moja.

Na hapo ndo utamu wa mazungumzo yenyewe ulipo. Yesu anasema anothen, neno linaloweza kuelekea huku au kule, Nikodemo analipokea kwa upande mmoja tu na anauliza, "Aweza kuingia tumboni mwa mamaye mara ya pili akazaliwa?" Sasa angalia, kwenye Kigiriki hilo "mara ya pili" la Nikodemo SIO anothen, ni deuteron, ambalo kweli ni mara ya pili na halina maana nyingine. Yaani Yesu kasema neno moja, Nikodemo karudisha lingine. Ametoka nje ya reli hapohapo, na Yesu anatumia mistari inayofuata kumrudisha, maji na Roho, upepo, aliyeshuka kutoka mbinguni, yote ni kumvuta macho yaende juu. Kwenye Union Version yetu ya 1952 hilo huwezi kuliona maana kinywani mwa Yesu wameweka "mara ya pili" na kinywani mwa Nikodemo wameweka "mara ya pili", kwa hiyo kwa msomaji wa Kiswahili Nikodemo anaonekana amesikia vizuri tu alichoambiwa, ila ni mzito kuelewa. Nimewahi kuwasomea watu mistari hii miwili kwa maneno mawili tofauti, Yesu "kutoka juu", Nikodemo "mara ya pili", na mzee mmoja akacheka kwa sauti akasema "kumbe hawakuwa wanaongea kitu kimoja!" Tangu siku hiyo nasema wazi, ningepewa kalamu ningeandika "kutoka juu" ndani ya mstari na "au: mara ya pili" chini ya ukurasa. Biblia ya Habari Njema wamesema "kuzaliwa upya", ni njia ya katikati, sio mbaya, ila bado hiyo juu haionekani.

Je Union wamekosea basi? Hapana, na hili naomba ulieleze taratibu kwenye jumuiya. Wametafsiri upande mmoja wa neno lenye pande mbili kwa sababu Kiswahili hakikuwapa neno moja lenye pande mbili linalokaa vizuri kwenye kuzaliwa, "mtu asipozaliwa tangu juu" mtu angejiuliza juu ya nini, ya kitanda? Na hawako peke yao, Biblia ya Kilatini iliyosomwa Ulaya karne nyingi ilichagua upande huohuo wa upya, Luther kwa Kijerumani vilevile, na ile ya Kiingereza ya 1611 vilevile ingawa wenyewe waliandika pembeni kwamba inaweza pia kuwa kutoka juu. Ni uamuzi wa zamani sana na ulioamuliwa na watu waliojua walichokuwa wanakifanya. Mtafsiri anabanwa na lugha anayotafsiria kuliko ile anayotafsiri kutoka kwake, na hili watu wengi hawalijui, wanadhani shida yote iko kwenye Kigiriki.

Ngoja nikuonyeshe kwenye sura hiyohiyo jinsi Kiswahili kinavyombana mtu. Mstari wa 8, "Upepo huvuma upendako, na sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda, kadhalika na hali yake kila mtu aliyezaliwa kwa Roho." Hapo mwanzoni "upepo" na hapo mwishoni "Roho" kwa Kigiriki ni neno moja, pneuma, na hata hicho kitenzi "huvuma" kimetoka kwenye mzizi huohuo. Mgiriki alisikia pneuma, pneuma, na alikuwa huru kuacha maana zote mbili zielee kichwani. Mswahili hana huo uhuru kwa sababu sisi kila jina lina ngeli, na kitenzi lazima kivae kiambishi. Ukisema upepo lazima useme upendako, unakotoka. Ukisema Roho lazima useme apendako, anakotoka. Kitenzi cha Kigiriki hakikuulizi ni upepo au ni nani, chenyewe kinasema tu "-pendako" basi. Ila wewe u- au a-, chagua moja, na ukishachagua umeshaamua kama ni kitu au ni mtu kabla msomaji hajafika mwisho wa mstari. Hata hivyo tuna kamba moja ya kushika, sisi tunasema marehemu "amekata roho", na roho inayokatwa pale ni pumzi, kwa hiyo mwambie tu bibi kwamba pneuma ni hiyo, ni pumzi, ni upepo, ni Roho, na atakuelewa bila darasa lolote.

Kiambishi kimoja kinaweza kubeba imani nzima. Angalia Yohana 1:1, "naye Neno alikuwa Mungu". Kwa sarufi ya shuleni neno ni ngeli ya li-ya, neno LIlikuwa, mtoto akiandika "neno alikuwa" kwenye insha anachapwa kalamu nyekundu. Watafsiri wakaandika "alikuwa", "naye", "huyo", kwa sababu walishaona mstari wa 14 kwamba Neno alifanyika mwili. Kigiriki kilitumia houtos, inayoweza kuwa huyo au hili, sisi tukalazimika kusema. Na ndivyo ilivyo kwa Roho Mtakatifu, wengi wetu tunasema MTAkatifu kama mtu, ila Biblia ya Mashahidi wa Yehova kwa Kiswahili inasema roho takatifu, kama kitu, na pneuma kwa Kigiriki ni jina lisilo la kiume wala la kike kwa hiyo peke yake haiwezi kuamua ugomvi huo. Umeondoa silabi moja tu, na mafundisho yamehama kabisa. Mimi naamini Mtakatifu ndo sahihi kwa sababu ya jinsi Yohana mwenyewe anavyomwongelea Msaidizi sura ya 14 hadi 16, anafundisha, anashuhudia, anakumbusha, lakini ujue kwamba ni uamuzi uliosomwa kutoka kwenye maandiko mengi, haukutoka kwenye neno moja lililobonyezwa kwenye simu.

Sasa usidhani Kiswahili kinapoteza tu, maana kuna mahali kinamshinda hata Mwingereza. Mstari wa 7: "Usistaajabu kwa kuwa nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili." Rudia taratibu. NilikUambia, wewe mmoja. HAMna budi, ninyi wengi. Kigiriki ndivyo kilivyo, kinaanza na wewe kinamalizia na ninyi, kwa sababu Nikodemo alipoingia usiku ule hakusema najua, alisema "twajua ya kuwa u mwalimu", alikuja na wenzake mdomoni. Yesu anamjibu yeye na wenzake wote. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu mia, kwa hiyo Mwingereza anaupita mstari huu bila kuona chochote, sisi tunao kwenye viambishi viwili tu. Ndivyo ilivyo pia Luka 22:31-32, Shetani "amewataka ninyi" halafu "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike", wote wanapepetwa ila mmoja anaombewa kwa jina ili awaimarishe wengine. (Hilo "isitindike" nimewauliza vijana wengi, wengine wanadhani ni jina la dawa. Ni kuisha, kupungukiwa. Neno zuri mno ila kama hakuna anayelielewa tena basi ndo maana tafsiri mpya zinahitajika, wala sio njama ya mtu.)

Na mstari wa 16 ambao kila mtu anaujua kwa kichwa, "Kwa maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu". Nimesikia mahubiri mengi wakisema "aliupenda SANA", hiyo sana wameitoa kwenye Kiingereza. Kigiriki ni houtos nyingine hii, ya o ndefu, maana yake hivi, kwa namna hii, na ni neno lilelile la mstari wa 14 "vivyo hivyo Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa" na la mstari wa 8 "kadhalika". Kwa hiyo 16 inashikana na yule nyoka aliyeinuliwa na Musa jangwani kwenye huo mstari wa 14, inasema ni kwa namna gani Mungu alipenda, kwa kumtoa Mwanawe. Union waliiweka sawasawa kabisa, jinsi hii, miaka yote hiyo ipo mbele yetu na sisi tunaisoma kwa masikio ya Kiingereza. Na hapohapo kuna "Mwana wa Adamu", Kigiriki kinasema mwana wa mtu, na Habari Njema wameandika hivyo, Mwana wa Mtu. Mi napenda zaidi ya Union kwa sababu sisi tunaposema mwanadamu, binadamu, tunamaanisha mtu, na kwa Kiebrania ilikuwa hivyohivyo, ben adam. Nikisikia Mwana wa Adamu nasikia mtu wa nyama na damu mwenye ukoo. Huo ni upendeleo wangu, silazimishi mtu.

Kitu kimoja kingine kabla sijafika kwenye Kigiriki chako. Hakuna alama za kufungua na kufunga maneno kwenye maandishi ya kale. Kuna nakala ya Injili ya Yohana ya mafunjo, wanaiita P66, inakadiriwa kuwa ya karibu mwaka 200, iko maktaba ya Bodmer karibu na Geneva, na ukiitazama ni herufi zimefuatana bila nafasi kati ya neno na neno. Jaribu kusoma hivi: MTUASIPOZALIWAKUTOKAJUUHAWEZIKUUONAUFALMEWAMUNGU. Ndivyo walivyosoma. Kwa hiyo je, Yohana 3:16 ni Yesu bado anaongea na Nikodemo au ni Yohana ameshaanza kueleza mwenyewe? Biblia nyingine za leo zinafunga maneno ya Yesu mstari wa 15, nyingine mstari wa 21. Union haina hizo alama kabisa kwa hiyo imekuacha huru, tafsiri za kisasa zinazoweka alama lazima ziamue. Herufi kubwa nazo vilevile, mstari wa 6 "kilichozaliwa kwa Roho ni roho", kubwa na ndogo, hiyo ni kazi ya mtafsiri.

Haya, ujifunze Kigiriki? Mi nasema ndio kama una hamu, alfabeti ni herufi 24, mtu mzima anaziweza kwa wiki mbili akikaa nazo jioni jioni, na kama kuna chuo cha Biblia karibu nawe kaulize, wengine wanapokea wazee wa kanisa kwenye kozi fupi. Ila usianze na zile namba. Namba inakupa orodha ya maana, halafu mtu anachagua ile iliyomfurahisha na kuihubiri. Hebu fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kamusi afike Yohana 3:13, "hakuna mtu aliyepaa mbinguni", atafute paa. Atakuta paa la nyumba, atakuta paa mnyama mdogo kama swala, atakuta kupaa samaki kwa maana ya kumtoa magamba, halafu asimame ibadani aseme kwa Kiswahili cha asili mstari huu unahusu magamba. Sisi tutamwangalia tu. Maana haikai kwenye orodha, inakaa kwenye sentensi na kwa mwandishi, ndo maana nilikupeleka kwanza kwenye sehemu zote tano za Yohana kabla sijasema lolote.

Kwa jumuiya yako nafuu ya haraka ni kuweka Union, Habari Njema na nyingine ya tatu mezani pamoja, hata kama kila mtu amekuja na ya kwake. Zikisema kitu kimoja songeni mbele. Zikigombana simameni hapo, maana hapo karibu kila mara kuna neno la Kigiriki lenye pande mbili, au nakala za kale zinatofautiana, au Kiswahili kilimbana mtu na viambishi vyake. Tuamini Biblia ipi? Union kwa kusoma kwa sauti na kukariri, sijaona inayoishinda, midundo yake imetulea. Habari Njema kwa mtoto na kwa anayeanza. Zote zimefanywa na watu waliolia juu ya sentensi moja siku nzima, najua kwa sababu hiyo kazi nimeikalia, kuna mchana mzima uliwahi kuishia kwenye kiambishi kimoja na jioni tukakirudisha kilekile cha asubuhi.

Jumatano ijayo mpe huyo kijana sehemu ya Yesu asome na aseme "kutoka juu", na bibi umpe sehemu ya Nikodemo na "mara ya pili" yake, asome yeye, halafu msimamie hapo muulizane Nikodemo alisikia nini. Mkiwa na muda endeleeni mpaka 19:39, ni huyohuyo Nikodemo, yule aliyekuja usiku, sasa amekuja na manemane na uudi yapata ratli mia kumzika Yesu, hiyo ni kama kilo 33, mzigo wa mtu kubeba mabegani. Ni sura ileile yenye kanzu iliyofumwa tangu juu. Muulize kijana anaonaje, na ukipata nafasi niandikie alichojibu.